Taa Nafuu za LED kwa Tangi la Matumbawe: Zipimwe kwa Kigezo Gani?

Anayenunua taa ya LED ya bei nafuu kwa ajili ya tangi la matumbawe, yaani tangi la maji ya chumvi la kufugia matumbawe nyumbani, hukutana kwanza na idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi, na hapo ndipo hukumu nyingi huanza kupotoka. Wati hupima umeme unaotumika, si mwanga unaolifikia tumbawe. Isitoshe, mara nyingi namba hiyo hupatikana kwa kujumlisha tu uwezo wa juu wa kila diodi (vitaa vidogo vinavyounda taa nzima): diodi 55 za wati 3 huhesabiwa kuwa wati 165, ilhali huendeshwa chini ya uwezo huo na taa nzima hula umeme mdogo zaidi.

Tumbawe huhitaji mwanga kwa sababu ya mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu, unaoishi ndani ya tishu zake na kulipatia sehemu kubwa ya chakula kwa njia ya usanisinuru. Mwanga unaofaa kwa kazi hiyo uko kati ya nanomita 400 na 700, nao hupimwa kwa mikromoli za fotoni kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Wafugaji wengi huyapa matumbawe laini, pamoja na yale magumu yenye polipu (viumbe vidogo vinavyoliunda tumbawe) kubwa, takriban 50 hadi 150. Yale yenye polipu ndogo, kama Acropora, huwekwa kwenye 200 hadi 350.

Kwa kigezo hicho, taa nafuu ina utetezi wa kweli. Diodi ya buluu ya nanomita 450 hivi hutoa mwanga ambao mwani huo huufyonza vizuri, na fotoni iliyotoka kwenye taa ya bei ndogo hufanya kazi ileile. Chini ya kitovu cha taa, nguvu ya mwanga hutosha. Hatari iliyo karibu zaidi ni kuzidi, kwa kuwa mmiliki anayeiwasha kwa nguvu zote siku ya kwanza anaweza kuyapausha matumbawe yake. Aanze chini, apandishe taratibu kwa wiki kadhaa.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mtawanyiko. Lenzi nyembamba hukusanya mwanga katikati na kuacha pembe za tangi zikiwa hafifu, na kwa kuwa kila diodi ni nukta ndogo, matawi ya juu ya Acropora huyatia kivuli yale ya chini. Mirija ya T5 (taa nyembamba za floresenti) na kiakisi chake hurusha mwanga kutoka eneo pana zaidi, na ndiyo maana wapo wanaoishikilia hadi leo. Kuinua taa au kuongeza ya pili husaidia, ila kila taa inayoongezwa hupunguza ule unafuu uliofuatwa.

Kuhusu rangi, naona malalamiko kwamba taa nafuu haziruhusu kuirekebisha vya kutosha yametiwa chumvi: sehemu kubwa ya vidhibiti vya taa ghali humfurahisha mtazamaji kuliko tumbawe. Uimara ni suala zito zaidi. Chumvi na unyevu hula feni na draiva (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye diodi), na feni ikisimama diodi hupata joto na kufifia mapema. Taa isiyo na waya wa ardhi haifai kabisa kuning'inizwa juu ya maji ya chumvi, hata ingetolewa bure.

Programu za simu zinazopima luksi hazitoshi kuamua, kwani luksi hufuata jicho la binadamu, linaloona vyema kijani cha karibu nanomita 555, na hivyo huudharau mwanga wa buluu. Kiazimwe kipimamwanga cha fotoni kinachosoma buluu sawasawa, na vipimo vichukuliwe pembeni pia. Kwa tangi dogo la matumbawe laini, ningechagua taa nafuu bila kusita. Kwa tangi refu lililojaa Acropora, bei ya kulinganishwa na taa ghali ni ile ya taa mbili au tatu nafuu, pamoja na draiva na feni za akiba.