Mama wa Bukini Watatu

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuomba kuwa mama. Nina ndevu, nina cheti cha ndoa, nina watoto wawili wanaoniita baba tangu walipojua kusema, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na kiumbe aliyelitilia shaka jambo hilo, mpaka nilipoamua, nikiwa na akili zangu timamu na bila ya kushinikizwa na mtu yeyote, kufuga mabata bukini.

Nilianza na mayai sita. Mke wangu alishauri tuanze na kuku kama watu wengine, nami nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma kurasa kumi na mbili za kitabu, kwamba kuku ni ndege wa kawaida mno, ilhali bukini ni ndege mwenye hadhi yake, anayekula majani ya bure, asiyeugua ovyo, na anayeweza kuishi miaka 20 na zaidi. Hilo la miaka 20 nililitamka kama sifa. Sasa nikipiga hesabu naona kwamba mimi nitastaafu kazi kabla wao hawajastaafu kunisumbua.

Mayai ya bukini hukaa katika mashine ya kutotolesha kwa siku 30 hivi, katika joto la nyuzi 37.5 au karibu na hapo, na katika muda huo mtu huyageuza, huyanyunyizia maji ya uvuguvugu, huyamulika kwa tochi gizani ili aone kama mna uhai ndani, na kwa jumla huyapa heshima ambayo mkuu wake wa kazi hajawahi kuipata. Kitu ambacho sikuonywa ni kwamba kifaranga huanza kupiga kelele akiwa bado ndani ya yai. Usiku wa siku ya 29 nilisikia sauti nyembamba ikitoka kwenye mashine, wii-wii-wii, nami badala ya kurudi kulala kama mtu mzima nikainama nikajibu, wii-wii-wii. Pakawa kimya. Kisha likajibu yai la pili, na mazungumzo yakaendelea hadi alfajiri. Kati ya mayai sita walitoka watatu, na wa kwanza wao aliinua kichwa kilicholowa, akaukuta uso wangu umemwinamia na ndevu zake zote, akakata shauri papo hapo.

Jambo hili si ndoto zangu. Mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, alilieleza tangu miaka ya 1930: kifaranga wa bukini, katika saa chache za mwanzo baada ya kuanguliwa, humshika kama mama kiumbe yeyote anayejongea mbele yake, na uamuzi huo haubadilishwi kirahisi. Lorenz alifuatwa na bukini kila alikokwenda, hata majini alipokuwa akiogelea, na mwaka 1973 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mimi nilifuatwa na bukini hadi mlangoni mwa choo, na nilichotunukiwa kilikuwa juu ya kiatu.

Wiki za mwanzo za umama wangu zilipita katika vipimo. Vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hivi katika wiki ya kwanza, kisha hupunguziwa nyuzi tatu kila wiki hadi watakapoota manyoya, lakini kipimajoto chenyewe hakina kauli kama walivyo na kauli wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakitawanyika pembeni huku wanahema wanaungua, na wakitulia ni kwamba wanapanga jambo. Nilitandika magazeti sakafuni kwa kuwa yalikuwepo, nikaja kujua kwamba gazeti linateleza na kwamba kifaranga anayeteleza kila siku miguu yake huweza kupanuka ikaharibika, basi nikaondoa magazeti na kutandika mataulo. Mataulo hayo hayakuwa yangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi ndiye niliyekuwa nimelala humo mke wangu alipotoka kuoga.

Maji nayo yana masharti ya ajabu. Bukini hawezi kunywa tu akamaliza, bali lazima apate chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa chote ili asafishe macho na matundu ya pua, lakini kifaranga asiweze kuingia humo mwili mzima, kwa sababu mtoto aliyekosa mama halisi hukosa pia yale mafuta ya manyoya ya mama yanayomkinga, hivyo hulowa mpaka ngozini, akapata baridi na kuweza kufa. Nilitafuta chombo ambacho kichwa kinaingia na mwili hauingii. Mwili uliingia. Uliingia kila siku, mara tatu kwa kuwa walikuwa watatu, nami nikawa nawakausha mmoja mmoja kwa mashine ya kukaushia nywele, ambayo pia haikuwa yangu.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi, maana hapo angalau nilisikiliza. Bukini wachanga huhitaji chakula cha vifaranga kisichotiwa dawa, chenye protini ya asilimia 20 hivi katika wiki tatu za mwanzo, kisha protini ishushwe na majani yaongezwe, kwani anayekuzwa haraka kwa vyakula vizito mabawa yake huweza kugeuka nje na kubaki hivyo maisha yake yote. Bukini pia huhitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi kuliko kuku, na akiikosa miguu hulegea, kwa hiyo nilikuwa nikichanganya chachu ya bia katika chakula chao kila asubuhi, huku nikienda kazini nanukia kama mtu asiyefaa kukabidhiwa ofisi. Aliyenikera ni jirani yangu, mtu mwema kabisa, aliyekuwa akiwarushia mkate juu ya ukuta kwa siri. Nilipomweleza habari za mabawa alinitazama kwa huruma akasema, "Ndugu yangu, mpaka mkate unawanyima?"

Sasa nifike kwenye kile wanachokiita kuwazoeza vifaranga kwa watu, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo kwa mikono miwili. Maelekezo yanasema mfugaji akae chini kila siku, asiwasimamie kama mnara, asiwakimbize, awaache wamwendee wenyewe, awape jani kutoka kiganjani, na akitaka kuwagusa aanzie kifuani chini ya shingo wala asiwashukie kwa juu kama mwewe. Nilifanya yote hayo kwa uaminifu mkubwa. Kila jioni nilikaa kwenye nyasi nikiwa na shati la kazini, wakanipanda mapajani, wakasinzia kwenye kola, wakavuta vifungo vya shati kimoja baada ya kingine, nami nikacheka. Hapo kwenye kucheka ndipo palipo na kosa lote. Kifaranga wa siku kumi akikuvuta kifungo ni mzaha, lakini yeye haandiki popote kwamba ni mzaha. Anaandika kwamba vifungo vya mtu huyu vinavutwa.

Walikuwa pia hawataki niwatoke machoni. Nikiingia ndani walilia, nikichungulia dirishani walinyamaza, nikijificha tena walilia zaidi, mpaka mwanangu mdogo akaniuliza kwa nini yeye alipokuwa mchanga sikumchungulia namna hiyo. Nashukuru tu kwamba walikuwa watatu. Bukini ni ndege wa kundi, na anayefugwa peke yake hudai kundi hilo kwa mwenye nyumba usiku na mchana. Angebaki mmoja, leo hii ningekuwa na anwani ya posta ya bandani.

Walipokua nikagundua kwamba mmoja ni dume. Kumtambua dume si kazi nyepesi, kwani aina nyingi za bukini dume na jike hufanana kwa rangi, na uchunguzi wa uhakika hufanywa mahali ambapo mimi kama mama sikuona haya kuchungulia lakini pia sikuelewa nilichokiona. Alijitambulisha mwenyewe. Msimu wa kuzaliana ulipoanza, yule yule wa kwanza kutoka katika yai, niliyemkausha na kumlisha na kumwimbia, alisimama kati yangu na wale majike wawili, akanyoosha shingo chini sambamba na ardhi, manyoya ya shingo yakatetemeka, akatoa sauti ya nyoka. Tangu siku hiyo tunamwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna kikao uani kinachofanyika bila ya idhini yake, na ajenda ya kila kikao ni mimi.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini walipokuwa wakisema hivyo hawakufikiria hali ambayo mama mwenyewe ndiye anayeng'atwa. Nimeelezwa sababu, na inauma kuliko mdomo wake: bukini dume aliyekulia mikononi mwa binadamu hana sababu ya kumwogopa binadamu, humhesabu kuwa bukini mwenzake, na msimu ukifika humhesabu kuwa mpinzani wa ndoa. Jirani mwenye mkate hupita salama. Mpinzani wa ndoa ni mimi, mwenye cheti cha ndoa nyingine kabisa, nisiye na nia yoyote na wale majike. Nimejaribu kumweleza.

Isitoshe mdomo wa bukini si mdomo wa bata wa kawaida. Kingo zake zina vipande vilivyochongoka mithili ya msumeno, na ulimi nao umechongoka pembeni, vitu alivyojaliwa kwa ajili ya kukatia nyasi, ingawa suruali ya kitambaa chepesi hukatika vilevile. Kanuni za kukabiliana naye ninazijua kwa moyo: usikimbie, kwani ukikimbia umekiri kushindwa na kesho atakungoja pale pale, usimpige teke, kwani utamvunja au utamthibitishia kwamba ni vita, simama wima, tanua mikono uonekane mpana, piga hatua moja kumwelekea, umtazame mpaka ageuke yeye kwanza. Ikishindikana, mshike chini kidogo ya kichwa bila ya kumkaba, ukunje mabawa yake ubavuni mwako, uishikilie miguu yake isining'inie, kisha utembee naye kwapani hadi atulie.

Kanuni hiyo ya mwisho inafanya kazi kweli, na sitaki mtu aseme nimeipinga. Nalalamikia tu mpangilio wake. Kwa usalama wa uso wako kichwa cha bukini lazima kielekee nyuma ya mgongo wako, na kichwa kikielekea nyuma, kinachoelekea mbele ni mkia, na bukini, anayekula majani mchana kutwa na kuyahifadhi kwa muda mfupi sana, huuweka mkia huo kazini kila baada ya dakika chache. Nimewahi kutembea uani hivyo saa moja na nusu asubuhi, nimevaa tai, nimebeba mkoba mkono wa kulia na Mwenyekiti mkono wa kushoto, nikiwaza nitakavyoeleza mezani kwa mkuu wangu kwamba nimechelewa kwa sababu nilikuwa nikimtuliza mwanangu.

Watu hunifariji kwa kusema kwamba angalau nimepata walinzi. Ni kweli kwamba simulizi za Roma ya kale zinasema bukini wa hekalu la Juno, mungu wao wa kike, ndio walioamsha walinzi pale maadui zao Wagali walipopanda kilima cha Kapitoli usiku, mnamo mwaka 390 kabla ya Kristo. Lakini Wagali hawaji kila siku, na bukini hana mshahara wa kukaa bila kazi. Wangu wamepiga kelele ya hatari kwa ajili ya jani kavu, mwezi mpevu, mwavuli uliofunguliwa ghafla, na ndoo mpya ya bluu iliyochukua nafasi ya ndoo nyekundu, ambayo waliikataa kwa siku nne mpaka nikaitoa ile nyekundu jalalani na kuiziba tundu. Bukini hukumbuka kila kitu kilivyokuwa jana, na wanataka kiendelee kuwa hivyo.

Mimi sikulizingatia hilo. Mwezi uliopita palikuwa na harusi ya shemeji yangu, na mke wangu aliomba, kwa upole wa mtu ambaye amenyang'anywa mataulo na kikausha nywele asifungue kesi, kwamba walau siku hiyo ninyoe ndevu. Nikaenda kwa kinyozi, nikanyolewa zote, nikavaa suti, na jioni nikarudi nyumbani nikiwa nimefuatana na baba mkwe na wazee wengine wanne waliokuja kupumzika kwetu. Nilipofungua lango, majike walipiga ukelele ambao Roma nzima ingeamka, na Mwenyekiti akaja mbio, mabawa wazi, shingo chini, akasimama mbele ya lango akatuzuia sote. Nikasimama wima. Nikatanua mikono. Nikapiga hatua moja. Hakugeuka. Alikuwa akiutazama uso ule mtupu kwa hofu ya dhati, na nikaelewa kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa akinifukuza mimi, bali alikuwa akimlindia mama yake nyumba.

Wazee walikuwa wamechoka, na mmoja wao alishaanza kutafuta fimbo. Basi nikachuchumaa pale langoni na suti yangu, mbele ya baba mkwe aliyenipa binti yake, nikajongeza mdomo, nikaita kwa sauti nyembamba kabisa, wii-wii-wii, nikangoja, na mmoja wa majike akajibu.