Mrushaji na akiba ya mkono

Mechi za besiboli zinazoanza saa moja jioni New York hutufikia Lamu saa nane za usiku, na mpwa wangu hukesha nazo kwenye simu. Asubuhi huzileta barazani. Huku mchezo huo hauchezwi. Ulio karibu nao ni raundasi ya wasichana shuleni. Lakini ubishi wa juzi hauhitaji kuujua sana: mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira kutoka mita 18 na kidogo, autumie mkono wake wote angali kijana, au auwekee akiba?

Shujaa wa mpwa ni Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers. Mwaka 1965 aliwatoa wapigaji 382 kwa staraiki, yaani bila wao kuupiga vema mpira wake, 1966 akashinda mechi 27, kisha Novemba akatangaza kwamba basi. Alikuwa na miaka 30. Kiwiko kilikuwa kimeharibiwa na baridi yabisi, naye akicheza kwa sindano na dawa. Mzee mmoja anayetupa kimia tangu ujana, na bega bado linamtii, akacheka: “Mwanangu, huyo kachoma mashua apate kuota moto.”

Nikamtajia mrushaji mwingine, Jamie Moyer, naye akamkumbatia papo hapo. Mpira wa Moyer ulikuwa wa pole, kama kilomita 130 kwa saa, na alimhadaa mpigaji kwa kuubadilishabadilisha mwendo. Aprili 2012 alishinda mechi akiwa na miaka 49, na hakuna mzee zaidi yake aliyewahi kushinda katika ligi kuu.

Hoja ya mzee ni tamu, ila ina tundu. Kumwambia kijana atupe kwa pole ni ushauri wa mtu aliyekwisha kuajiriwa. Msaka vipaji huja na kifaa cha kupima kasi. Kijana wa Jamhuri ya Dominika mwenye miaka 16, ambaye kwao wanamsubiri yeye, haulizwi hekima, anaulizwa kilomita. Na Moyer mwenyewe aliachwa na timu zaidi ya moja, hata mwaka 1992 wote akaumalizia ligi za chini. Wangapi wa aina yake walikata tamaa hapo, hatuna majina yao.

Isitoshe, upole haukumlinda. Mwaka 2010 kano ya kiwiko chake ilikatika, akafanyiwa upasuaji ule ule wanaofanyiwa watupaji wa kasi. Tiba hiyo daktari Frank Jobe aliianzisha 1974 kwa mrushaji Tommy John: alichukua kano kutoka mkono wa kulia akaishonea kwenye kiwiko cha kushoto, akidhani uwezekano wa kupona ni mmoja katika mia. John akarudi na kushinda mechi 164 zaidi. Kwa upande mwingine, mrushaji Nolan Ryan alitupa kwa kasi kali misimu 27, kano ikamkatikia 1993 akiwa na miaka 46. Kwa hiyo sheria ya “pole hudumu, kasi huvunja” haishiki vizuri hivyo. Binafsi naona idadi ya mipira, na mwili aliozaliwa nao mtu, vina neno kubwa kuliko tunavyokiri.

Hata Koufax tunamsoma vibaya. Miaka yake sita ya kwanza alitupa kwa nguvu zote na alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Alianza kung’ara 1961, baada ya mdakaji wake Norm Sherry, aliyekuwa akiipokea mipira yake, kumshauri apunguze. Na alipoacha, sababu aliyoitoa ni kwamba ana miaka mingi ya kuishi baada ya besiboli, na angependa kuiishi akiwa na mwili unaomtumikia. Dodgers wangemlipa aendelee. Hiyo si kazi ya mchoma mashua.

Mzee hakukubali. Alisema mwenye kano iliyoshonwa upya na bado akaenda baharini ndiye mvuvi, na mpwa, aliyekuwa amesinzia, akaamka kumpinga.