Buti la Lita 500

"Bosi, buti la hii gari ni lita mia tano na ushee," dalali aliniambia. "Unahama nayo nyumba nzima."

Nikaperuzi kwenye simu. Kumbe Wajerumani hupima buti kwa kulijaza vibao vya sentimita 20 kwa 10 kwa 5, kila kimoja lita 1, vinashindiliwa hadi kwenye kona, halafu vinahesabiwa. Nikapiga hesabu: lita 500 ni madumu 25 ya lita 20. Nani ana safari ya madumu 25?

Mama mkwe, Marangu.

Sikukuu zilipoisha, alfajiri tunarudi Dar, tukakuta mzigo umetusubiri barazani: mikungu ya mshare, gunia la maharage, ndoo ya maparachichi, jogoo kafungwa miguu, na dumu la mbege, pombe ya ndizi na ulezi, la kumpelekea baba mdogo Kimara.

Mkungu wa ndizi si kibao cha Mjerumani. Hauna kona, una viwiko. Na buti lenyewe, matairi yamevimbisha kuta huku na huku, kioo cha nyuma kimelalia ndani, kwa hiyo kinachoenea chini kinagoma juu. Siti za nyuma zingelazwa tungepumua, ila zilikuwa na watoto.

"Vitaingia, baba?" mama mkwe akauliza.

"Vitaingia, mama. Tunashukuru sana." Mkwe haambiwi gari limejaa.

Dumu likatangulia chini kabisa, na kifuniko nikakikaza kwa mikono miwili.

"Baba Watoto, mbege inapumua hiyo," mke wangu akasema.

"Itapumulia Kimara."

Baridi ya Marangu iliituliza. Himo tukapita, Mwanga tukapita. Tunakaribia Same, jua limeshawaka, nikasikia sss kwa nyuma. Kisha paa!

"Tairi!" mke wangu akapiga kelele.

Halikuwa tairi. Mbege ilipiga dari ikawashukia watoto shingoni. Machicha ya ulezi yaliganda kwenye kioo, na kitinda mimba alikuwa anajilamba mkono kwa utulivu kabisa. Jogoo alinyamaza kidogo, halafu akaanza kuwika mfululizo, saa nne asubuhi.

Nikaegesha, nikafungua buti. Maparachichi yakaruka, yakashika lami kuelekea Dar bila kutusubiri.

Ajabu ni kupakia upya. Dumu limepungua zaidi ya nusu, lakini mzigo uleule hauingii tena! Nilisukuma kwa bega, nikasukuma kwa mgongo. Mlango ukagoma.

Lori likasimama, akashuka utingo. Hakuuliza lita. Aliomba kisu, akaikata mikungu chane kwa chane, akazichomeka juu ya matairi na kila palipo na upenyo. Gunia la maharage akalilaza, akalikanyaga mpaka likawa godoro. Nguo akazitoa kwenye begi gumu, akazibania ndoo isicheze; begi tupu likapanda kwenye keria. Jogoo akapewa mke wangu apakate. Mlango akausukuma kwa kidole.

Nikamsogelea na noti mkononi. "Kaka, wewe kwa uzoefu wako, hapa kuna lita ngapi?"

Akainama, akanusa zulia lililolowa.

"Zilizobaki," akauliza, "au zilizomwagika?"