Bibi Bado Anaweza Kukuna Nazi

Nyumba nyingi hapa Tanga, mzee akianza kusahau hupokonywa kazi zote kwa mkupuo. Jikoni asiingie, sokoni asiende, hata kanga mjukuu ndiye anayemfunga. Anayesema "mwacheni afanye mwenyewe" huonekana hana huruma. Nadhani haeleweki.

Wanaomkalisha mzee wana hoja. Jiko la gesi likisahauliwa, nyumba inaungua. Akitoka peke yake Ngamiani anaweza kufika Makorora asijue pa kurudia. Na kwetu pwani kumhudumia mzazi ni kutafuta radhi. Majirani wakimwona bibi anafua, watasema. Siyabezi hayo.

Lakini demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoleta usahaulifu huo, haibebi vyote siku moja. Katika Alzheimer, aina yake inayojulikana zaidi, kwa kawaida hutangulia kuondoka mambo ya hesabu na mpangilio: chenji, pesa za kwenye simu, vidonge vya asubuhi na jioni, kupika pilau la wageni. Kuoga, kuvaa na kula kwa mkono wake hubaki, mara nyingi kwa miaka. Miaka, jamani. Bibi anayekosea chenji leo bado anaweza kukalia mbuzi akakuna nazi, akachambua mchele, akatia udhu. Tukimnyang'anya hayo tumemwondolea kitu ambacho ugonjwa haujakigusa. Kisha akishalishwa miezi kadhaa, mkono unasahau kijiko, nasi tunasema maradhi yamezidi.

Tena demensia haziko sawa. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta asilimia 6.4 wanayo, karibu nusu yao Alzheimer, na wapatao 4 kati ya 10 ile ya mishipa ya damu. Hii ya pili mara nyingi hushuka kwa ngazi: kiharusi kidogo, anateremka, anatulia. Miguu na mkojo huweza kumsumbua mapema, huku majina ya wajukuu wote anayo. Huyo mpe mkongojo, dawa ya presha na choo cha karibu. Simu yake mwachieni.

Aina ya tatu, demensia yenye miili ya Lewy (vibonge vya protini ndani ya ubongo), ndiyo inayowachanganya watu. Jana alivaa mwenyewe, leo hawezi, kesho ataweza. Anaona watoto ukumbini ambao hawapo. Ataambiwa anajifanya, au ana majini. Hapa nawakubalia zaidi wenye hofu, maana huanguka sana: mtu asimame mlangoni mwa bafu. Asimame tu, maji ajimwagie mwenyewe.

Kumwanzishia fundo la kanga na kumngoja amalize huchukua robo saa, kumfunga dakika 1. Anayeombwa robo saa hiyo, mara nyingi, ni binti mmoja mwenye genge la kufungua asubuhi ileile. Ndugu zake walioko Dar wakituma pesa ya dada wa kazi, wamwambie huyo dada asimvalishe mama.