Extend, Ssebo!

Kiingereza nilifundishwa Tanga, kwa fimbo, kwa hiyo nilipohamia Kampala sikuwa na hofu nacho. Niliogopa Luganda. Kumbe wa kunitoa jasho alikuwa "extend", kitenzi nilichokijua tangu shuleni: kunyoosha, kurefusha, kuongeza muda.

Wiki yangu ya kwanza nilipanda teksi ya Ntinda pale Old Taxi Park. Huko teksi ni hiace, na ubavuni imeandikwa abiria 14. Maandishi hayo ni ya kuwasomea trafiki. Sisi tulishafika 16. Kondakta akafungua mlango, nyuma yake mama wa makamo kwenye gomesi, gauni la Kiganda, ya zambarau, kashika kuku wawili waliofungwa miguu. Kondakta akanikazia macho: "Extend, ssebo." Ssebo ni bwana, hilo nilishalijua.

Ninyooshe nini? Cha kunyoosha nilichokuwa nacho ni mkono. Nikaunyoosha. Yule mama akanishukuru, "Webale, ssebo," kwa adabu zote, akanitundikia kuku.

Sasa nina kuku, na kondakta bado ananitazama. "Extend!" Nikanyoosha zaidi, mpaka bawa moja likampapasa kisogo mzee wa kiti cha mbele. "Ssebo, EXTEND!" Nikabaki na mguu. Nikautoa kwenye njia, ukanyooka vizuri tu, na mama wa watu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akajikwaa akaniangukia mapajani. Kuku mmoja akakata kamba. Sitasimulia manyoya yalipofika, ila suti ile sikuivaa tena.

Mzee wa mbele akageuka. Kwa sauti yake tu ungejua ni askari mstaafu. "Wewe! Songa! Yeye nasema songa!"

Kiswahili cha kambini, hakina ngeli wala huruma. Katiba ya Uganda imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini mtaani Kampala wengi bado wanakisikia kama kinatoka kwenye mtutu wa bunduki. Teksi nzima ikasonga. Hata dereva nilimwona akijibana mlangoni.

Basi ndiyo hiyo: kwa Kiingereza cha Uganda, ku-extend ni kusogea ili mwenzio apate pa kukaa. Kitenzi chenyewe kimetoka kwenye Kilatini, extendere, kunyoosha. Nadhani wenzetu wameamua kwamba kinachonyooshwa ni kiti, na ukipanda teksi zao utakubali kwamba kinanyooka kweli.

Mwezi wa tatu nilikuwa nimeiva. Nikisikia neno lile, makalio yanakwenda yenyewe kabla kichwa hakijapata habari. Nikaenda ofisi fulani kuomba kuongezewa muda wa kibali changu cha kukaa nchini. Foleni yenyewe ilikuwa benchi refu, mnasukumana kidogokidogo mpaka mezani. Zamu yangu ikafika. Afisa, dada mpole mwenye miwani, akafunua pasipoti yangu, akaniuliza kama nataka ku-extend.

"Ndiyo, madam," nikasema, nikasogea.

Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nikasogea tena. Bwana mmoja mwenye bahasha ya kaki akakaa pale nilipotoka, akanishukuru, akahudumiwa.

Aliponiuliza mara ya tatu, benchi likaisha.