Amana Yangu Imebaki Catalina

Nimeamka nimefungua simu kabla hata sijanawa uso, na ile hela bado haijarudi. Imeandikwa "inashughulikiwa". Inashughulikiwa na nani? Kutoka kwangu ilitumia sekunde moja, kadi ikalia tii, kwisha habari. Kurudi ndiyo imeingia mitini. Na wala si hela ya kununulia kitu, jamani. Ni amana tu, ya kigari cha gofu, kale kasiko na milango, nilichokirudisha kikiwa safi kuliko nilivyokikuta kwa sababu mama mkwe alikipangusa na kanga yake.

Mnayajua mambo ya huku Marekani. Ukishatoa kadi, umetoa.

Safari yenyewe si yangu. Ofa aliiona Mama Salma, usiku wa manane, muda ambao ofa zote huonekana. Meli inatoka Long Beach, California, chakula bure, mama yake yuko hapa kutoka Korogwe kaja kututembelea, "ataondokaje hajaona kitu?" Nikasema bahari si ipo Tanga. Nikaangaliwa. Basi nikaomba ruhusa kwa wazee wangu ninaowalea zamu ya usiku, nikafunga begi.

Meli ikatembea usiku kucha kwenda Avalon, kisiwani Catalina, mahali ambapo boti ya abiria kutoka kulekule Long Beach inafika kwa saa moja. Msiniulize. Wanasema ndiyo starehe. Na kufika kwenyewe haifiki: inatia nanga huko nje, mnapangwa foleni, mnashushwa kwa boti ndogo. Mama mkwe akasema Pangani walikuwa wanavuka hivihivi na hakuna aliyekuita mtalii.

Sasa pale Avalon magari yana kikomo kisheria. Mwenyeji akitaka kuleta lake anaandikishwa kwenye orodha, na orodha hiyo wanasema inapita miaka 25. Wenzangu mnaosubiri hati za viwanja mnanielewa. Kwa hiyo wenyeji wenyewe wanatembelea vigari vya gofu, sokoni, kanisani, nadhani hadi mazikoni. Mgeni naye anakodi, kwa saa. Bei siitaji. Mama mkwe akiijua kwa shilingi atapandwa na presha. Tulimwambia imo kwenye tiketi ya meli.

Dirishani ndipo nilipomkuta bwana mdogo. Kofia kageuza mbele nyuma, miwani ya jua kaipachika juu ya kofia, pua kaipaka dawa nyeupe. Rika la mwanangu wa pili. Akapokea leseni yangu, akaigeuza, akaniuliza swali ambalo ninalo kifuani mpaka sasa hivi: "Umewahi kuendesha?"

Mimi. Niulizwe mimi! Niliyeshika usukani wa semi-trela bandarini Dar es Salaam nikauachia Tunduma. Niliyeshuka Kitonga usiku, mvua inapiga, mbele lori limefeli breki, nyuma basi linaniwashia taa za kunitoa roho, utingo wangu kafungua mlango tayari kwa kuruka. Niliyepita Mikumi nikasimamisha tani thelathini za mzigo ili twiga avuke kwa nafasi yake. Hayo ndiyo majibu niliyokuwa nayo. Yakagoma kugeuka Kiingereza. Likatoka neno moja tu: ndiyo.

"Safi sana, rafiki!" akasema, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Akainama. "Hiki ni cha kwendea. Hiki ni cha kusimamia." Akanyamaza, aone kama vimeingia. Akarudia. Kisha akaniomba nimwonyeshe mimi. Mtu mzima, mvi zote hizi, mama mzazi wa mke wangu kasimama hatua mbili kutoka pale na mkoba wake kwapani, nanyoosha kidole miguuni: hiki cha kwendea, hiki cha kusimamia.

"Anasema nini?" mama mkwe akauliza.

"Anamfundisha Baba Salma kuendesha," mke wangu akamjibu, bila kupunguza kitu.

"Kwani yale malori alikuwa anaendeshewa?"

Sikuwahi kumpenda mama mkwe kama dakika ile.

Ikaja ramani. Karatasi imetolewa kopi mpaka mitaa imefifia, bwana mdogo kaipitisha kalamu ya njano. "Usitoke kwenye njano." Nikauliza nje ya njano kuna nini. Hairuhusiwi, akasema. Nimesikia, lakini kuna nini? Akafikiri kidogo. "Kisiwa."

Yaani kisiwa kina urefu wa maili 22, nimekodi kigari cha kutembelea kisiwa, na kitu pekee ambacho kigari hakiruhusiwi kutembelea ni kisiwa. Asilimia 88 ya ardhi iko mikononi mwa shirika la hifadhi tangu miaka ya 1970, inahitaji kibali, na vigari vya kukodi ni vya mjini tu. Mji wenyewe, mwenye magoti mazima anaumaliza kwa miguu kabla ya adhuhuri.

Yakaja masharti. Mikono ndani. Usisimame mlimani. Usigeuze njiani. Usishike simu. Usile. Kila sharti na saini yake ndogo pembeni. Mama mkwe akataka atafsiriwe, mke wangu akamfupishia: wanasema Baba Salma asikimbize. "Huyu?" mama mkwe akasema. "Huyu hakimbii hata akitumwa dawa." Mapenzi yangu yakarudi kiwango cha kawaida. Karatasi ya mwisho, kwa nilivyoielewa, ilisema nikifa nimejifia, na kigari kikifa nimekiua.

Nikasaini. Nikamwambia, haya, zamu yangu. Dereva wa masafa hatoi gari bila kulikagua. Nikakizunguka kigari. Nikagonga tairi kwa kisigino, moja moja. Nikainama uvunguni kutazama kama kuna oili inavuja. Pembeni ya taa ya kushoto nikaona mkwaruzo, nikamwonyesha, akasema huo upo siku zote. Nikamuuliza spea iko wapi. Jeki je? Pembetatu za tahadhari? Akacheka, akidhani namtania. Nikamuuliza kizima moto. Akaacha kucheka, akamwita mwenzake. Mwenzake naye kageuza kofia. Wakasimama wawili wananitazama, na nyuma yangu foleni imefika barabarani, baba mmoja mwenye watoto wanne kaanza kupumua kwa sauti.

"Baba Salma," mke wangu akasema taratibu, na mkisikia mwanamke amesema taratibu ujue. "Ni kigari cha gofu."

"Trafiki wa Chalinze hajali ni cha nini."

"Chalinze iko wapi hapa?"

Hapo kadi ikapita, tii. "Ni amana tu, rafiki, itarudi yenyewe." Yenyewe! Aliyewahi kuona hela inajirudisha yenyewe anipigie sasa hivi, nipo macho.

Kukaa nako kuna habari yake. Viti vya nyuma vya hivi vigari vinatazama kinyumenyume. Mama mkwe tukampandisha huko, mkanda, mkoba, kanga juu ya magoti. Ikawa mkwe na mama mkwe tumepeana migongo, adabu ambayo hata wazee wa Korogwe wasingeipanga vizuri zaidi. Tatizo akawa anaona kila kitu kikishapita. "Hapo palikuwa na choo." "Hapo walikuwa wanauza samaki." Ulipoanza mlima akasema, "Kuna mama mmoja alikuwa nyuma yetu na mbwa, amehamia mbele."

Ni kweli, alitupita. Anatembea. Kile kigari kimefungwa mwendo. Nimekikanyaga hadi soli ikagusa bati, kinanguruma kwa hasira ila hakiendi. Kitonga nilikuwa napanda na kontena la futi arobaini nikipiga mluzi. Mama mkwe akajitolea ashuke kupunguza uzito, nikamkumbusha tumesaini hakuna kusimama mlimani. Akasema hata tukisimama nani atajua?

Juu huko kuna mnara wa kengele, zawadi ya bibi mmoja aitwaye Ada Wrigley, wa mwaka 1925, na unalia kila robo saa. Mke wangu akasema sauti nzuri hiyo. Mimi nilisikia kitu kingine. Ngo, robo saa ya kwanza imekwenda. Ngo, ya pili. Sijapata kuona mji wenye hesabu iliyo wazi namna hiyo: nimelipia saa, na mlima wote unanisomea bili.

Mume wa huyo bibi, William Wrigley, ndiye aliyekinunua kisiwa mwaka 1919, kwa hela za ubani wa kutafuna. Ndiyo huyohuyo wa PK. PK zile ambazo Mangi alikuwa anakupa dukani akikosa chenji. Nimepiga hesabu za PK nilizopewa kwa nguvu tangu utoto wangu hadi naondoka nchini, nikaona walau kona moja ya barabara ile ni chenji yangu. Hata kama tarehe hazipatani. Hela ni hela.

Kasino tulilipita. Ni lile jengo la duara ufukweni, la 1929, mama mkwe akageuza uso asilitazame. Tukamweleza halina kamari hata kidogo: chini ni sinema, juu ni ukumbi wa dansi. Akasema kumbe ni kubaya kuliko alivyodhani.

Kuna na nyati. Nyati wa Kimarekani, wale wenye nundu, waliletwa 1924 kwa ajili ya kupiga filamu, watu wa filamu wakaondoka wakawaacha. Wakazaana huko ndani, nje ya kalamu ya njano. Kuwaona unalipa tena, gari jingine, dereva mwingine. Mikumi nyati nilikuwa nawaona bure, tena wakati mwingine nikiomba wanipishe. Hawa wameletwa kama vibarua wa siku moja, kazi imekwisha, wakapewa kisiwa. Mimi nina makaratasi yote, nalipa kodi, bima, kodi ya nyumba, hela ya taka, na sipewi hata kigari bila kushikiliwa amana. Sikatai sheria, jamani, mimi ni mtu wa mizani na vituo vya ukaguzi, sheria nazijua. Ila huku kila kitu kinaanza kwa kudhaniwa hujui na kinaishia kwa kudaiwa. Kazini hivyo. Benki hivyo. Shuleni kwa watoto nilisainishwa fomu eti niruhusu mwanangu ale keki. Unalala umechoka, na hujabeba kitu!

Tukarudisha kigari, kengele inalia. Bwana mdogo akakizunguka safari hii kwa makini ambayo asubuhi hakuwa nayo, akapiga picha ule mkwaruzo wa taa ya kushoto. Nikamwambia ule upo siku zote, maneno yako mwenyewe. Akasema ataandika. Sasa ameandika nini, ndiyo hiyo "inashughulikiwa".

Na haya yote ningeyameza kimya, kama si Mama Salma kuweka picha WhatsApp. Mimi kwenye usukani, yeye kavaa kofia pana, nyuma kidogo kanga ya mama. Maneno ya chini: "Mungu ni mwema." Kabla boti haijaturudisha melini, simu imejaa. Hongereni kwa usafiri. Hongereni shemeji, mmetoka mbali. Kamati ya harusi ya mtoto wa jirani yetu wa zamani wa Mabibo, ambaye sikujua hata kama amekua, imenitumia kadi ya mchango na kunikumbusha kwamba kikao cha mwisho ni Jumapili. Binamu kauliza kama ile rangi ilikuwepo ya bluu.

Baba mdogo wa Handeni hakuandika. Alituma sauti, dakika nne. Tatu za salamu, mpaka za mbuzi. Ya nne akauliza kile kigari ushuru wake bandarini ni kiasi gani, na viti vya nyuma vikitolewa kinabeba magunia mangapi ya mahindi. Nikiwa bado natafuta maneno ya kumjibu mzee, mama mkwe akaniomba simu, akaisogeza mdomoni.

"Matatu," akasema. "Ila mlimani mtashuka msukume."