Mtaro unachimbwa kwa jirani wa juu, faida inamshukia wa chini, sasa nani alipe?

Mvua zikianza huku kwetu Sebei, kwenye mlima Elgon mashariki mwa Uganda, mjadala unarudi uleule, kwamba gombolola, yaani serikali ndogo iliyo chini ya wilaya, ipitishe sheria ndogo kila mwenye shamba mlimani achimbe mitaro ya kuzuia maji na udongo visishuke la sivyo alipe faini, ama watu waelimishwe alafu waachwe wachimbe kwa hiari yao. Nimekaa kwenye hiyo mikutano mara nyingi, nimetembea na ile fremu ya A, miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, ya kupimia kontua (mstari unaokaa usawa mmoja kukatiza mteremko) shamba hadi shamba, na pande zote mbili nazielewa manake zote zinasema kweli. Ila kuna jambo moja linarukwa kila mara na ndilo linaninyima usingizi: maji yakishuka hayaulizi hapa ni kwa nani, na sisi bado tunapanga kazi yote kwa jina la mtu mmoja mmoja.

Wanaotaka sheria wana msingi wao. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, sawa, lakini kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 100 ziachwe kando ya mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mito mingine, na zile za maeneo ya milima za mwaka huohuo zinamtaka mwenye ardhi ahifadhi udongo anapolima. Kwa hiyo hawaleti kitu kipya, wanasema tutekeleze yaliyoandikwa. Alafu wana mfano wa Kigezi, kusini magharibi mwa nchi. Ukifika Kabale ukatazama vile vilima vimekatwa ngazi ngazi toka bondeni hadi kileleni, hiyo ni kazi iliyosukumwa sana miaka ya 1940, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Purseglove, pamoja na machifu wakisimamia watu waache kingo za majani na walime kukatiza mteremko. Ilikuwa amri na ilishika, wakati kule Murang'a nchini Kenya wanawake waligoma kuchimba matuta kama hayo mwaka 1947 na 1948, na Uluguru, Tanganyika, matuta ya lazima yaliishia kwenye vurugu za 1955 mtu akapoteza maisha.

Wengi wakisikia hivyo wanasema basi kiboko kilifanya kazi. Mimi sikubali. Wakiga, wenyeji wa Kigezi, walikuwa tayari na desturi yao ya kuacha vijistari vya majani katikati ya mashamba mlimani, kwa hiyo amri ilikuja kukaa juu ya kitu walichokijua, na kuanzia 1946 familia nyingi zilihamishiwa sehemu zenye ardhi wazi ndio waliobaki wakapumua kidogo. Na angalia kilichofuata. Kwenye zile ngazi udongo mzuri unasukumwa na jembe na maji unajikusanya upande wa chini wa kila ngazi, upande wa juu unabaki mwekundu hauna nguvu, mkulima mwenye shamba dogo anajua rutuba yake yote imelala pale ukingoni, na faini zilipoacha kufuatiliwa watu wakaanza kuzilima kingo zenyewe. Amri ilijenga, lakini haikutoa jibu la kwa nini mtu aendelee kuzitunza.

Sasa upande wa hiari. Hawa wanasema mkulima sio mjinga, akiona faida atachimba. Tupige hesabu basi. Fanya juu ya kawaida ni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo unatupwa upande wa juu unakuwa tuta, na miaka ikienda shamba linajisawazisha lenyewe. (Hilo jina ni Kiswahili chetu, lilisambaa kutoka Kenya, na hata maafisa wa huku wanaokwambia Kiswahili hawakijui wanasema fanya juu na fanya chini kila siku, jambo linalonifurahisha sana.) Chukua nusu eka, ni kama mita za mraba 2,000. Ukiweka mistari kila mita 10 unapata mita 200 za mtaro, maana yake unatoa udongo mita za ujazo 72 kwa jembe na koleo. Mtu akijitahidi mita 5 kwa siku ni siku 40, na hizo siku 40 ndizo angeenda kufanya kibarua apate ada ya mtoto. Mtaro na tuta vikila mita moja na nusu kwa kila mita 10, amepoteza karibu mita 300 za mraba za kupanda. Mwenye ng'ombe anapanda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, juu ya tuta anapata malisho, huyo nafuu. Asiye na ng'ombe je? Na aliyekodi shamba msimu mmoja, achimbe mtaro wa miaka 10 ya mtu mwingine? Na mama anayelima ardhi ya ukoo wa mume, akipanda miti kwenye kontua maneno yanaanza, kwamba anataka kujimilikisha. Hawa wote ukiwaambia hiari, wamekuelewa vizuri sana na bado hawatachimba.

Kuna kitu kingine ambacho pande zote mbili hazikisemi vya kutosha. Sio kila mteremko unafaa mtaro wa kushika maji. Hapa Elgon tumeona maporomoko ya ardhi, Nametsi kule Bududa tarehe 1 Machi 2010, Bukalasi Oktoba 2018, Bulambuli Novemba 2024, na kila mara wanakuja watu na lori la majembe. Kwenye mlima mkali wenye udongo wa kina kirefu, ukilazimisha maji yote yazame pale unaweza kuwa unauongezea mlima uzito na kuulainisha ndani. Pale panahitaji miti yenye mizizi ya kwenda chini, mifereji yenye mwinamo kidogo inayoyatoa maji taratibu hadi sehemu salama, na kwingine kutolima kabisa. Sheria ndogo moja kwa gombolola zima haiwezi kuona tofauti hiyo, na mkulima peke yake pia hawezi, inataka afisa wa kilimo apande mlima na kupima.

Nirudi kwa lile linalonisumbua. Kuna mteremko mmoja huku una wenye mashamba kumi na mmoja. Wa tatu kutoka chini alichimba vizuri kabisa, mwenyewe nilimsaidia kupima, na mvua ya usiku mmoja ikashuka kutoka kwa wenzake wa juu ambao hawajachimba, ikajaza mtaro wa kwanza, ikapasua tuta, ikachukua yote yaliyofuata hadi barabarani. Ndio maana kazi hii huanzia juu. Lakini nilipoenda kwa mzee wa juu aliniambia, kijana wangu, kwangu maji hayajawahi kuingia nyumbani, anayeumia ni yule wa chini, mbona haji na jembe? Sikuwa na jibu na mpaka leo naona alisema haki.

Kulipa kumeshajaribiwa nchini. Kati ya 2011 na 2013, Hoima na Kibaale, utafiti uliohusisha vijiji 121 uliwapa wenye misitu katika karibu nusu ya vijiji hivyo shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka wasikate miti, na miti ilipungua asilimia 4.2 wakati kwenye vijiji visivyolipwa ilipungua asilimia 9.1. Huo ni msitu, sio mtaro, najua. Na wanaopinga kulipa wana hoja nzito, kwamba hela ya mradi ikiisha watu wanaacha, nami nimeona mitaro ya mradi mmoja ikijaa tope mwaka uliofuata manake posho ilikatika na hakuna aliyejiona mwenyewe wa ile kazi. PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka, nayo ina shilingi milioni 100 kwa kila muluka (eneo dogo ndani ya gombolola) kwa mwaka, lakini inaenda kwa kaya moja moja, milioni moja moja, ya kuku, ya kahawa, ya ng'ombe, na mteremko sio kaya.

Kwa hiyo mimi naegemea malipo, ila ya mikono na yatoke chini kwenda juu. Wa chini wapande wakachimbe kwa wa juu kwanza, mche wa mabingobingo na wa mti wa grevilia utoke kwao, alafu makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na hapo ndipo sheria ndogo iingie, kumfuata anayeharibu tuta lililochimbwa na wenzake. Kwenye ule mteremko wetu tisa wamekubali, yule mzee ni mmoja wao, na siku ya kuanza tumeiweka Januari mahindi yakishatoka shambani. Wa kumi anasubiri kuona. Wa kumi na moja ndiye mwenye shamba la juu kabisa kumpita hata mzee, anaishi Kampala, amekodisha, simu anapokea vizuri tu na kutusalimia, jibu bado hajatoa.